Mizigo Yako ni Nani?

Kaporali Bonaventure alijua Kifaransa, hilo siwezi kumunyima. Shida ni kwamba Kifaransa chake na Kiswahili chetu havikuwa vinasalimiana. Neno likitoka kwa muzungu likiwa zima, kwetu lilifika limevunjika mukono, na sisi bamama ba kambi ya Fizi ndio tuliopaswa kulifunga kitambaa.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tano, bakubwa ba jeshi balipoamua kwamba nyumba za udongo zimekwisha. Zamani musoda, ule askari wa kawaida, alijijengea mwenyewe: miti, udongo, nyasi, na hakuna aliyemudai kitu. Sasa kambi ingejengwa kwa matofali, juu manjanja ya bati, chini simenti, madirisha ya kufunguka, choo kwa kila safu. Na kwa sababu bazungu hawakupi kitu bure, kila mwisho wa mwezi bangekata kwenye mushahara wa musoda kulingana na vyumba. Asiye na familia angelala katika nyumba moja ndefu pamoja na benzake. Mwenye bibi na batoto angepata vyumba viwili. Na anayetunza muzee angeongezewa chumba cha tatu, cha nyuma, chenye mulango wake wa peke yake. Vibanda vyote vya udongo vingebomolewa kabla ya mvua, na muntu asiyeandikwa angetoka kambini.

Mi kile chumba cha tatu nilikitamani kuliko kitenge cha sikukuu. Mama yangu alikuwa anaishi katika kibanda cha udongo nyuma ya nyumba yetu. Baba alipokufa kule Baraka, baba mudogo aliingia katika nyumba yake akiwa na kitanda na kuku bake, akamuambia mama atafute pa kukaa. Mama alinizaa mimi tu. Kwa hiyo ukibomoa kile kibanda bila kumupa chumba, umemutupa barabarani, na hapo sikuzi maneno hata kidogo.

Usiniulize kwa nini asingeingia kulala katika vyumba vyetu. Mukwe ni mukwe. Bwana yangu Yunusu, muntu wa Kasongo, hakuwahi kumutazama mama usoni tangu anioe, wala mama hakuwahi kumutaja jina. Yunusu akirudi kazini alipiga makofi penye uzio ili mama ajiondoe. Mama akitoka kuchota maji alikohoa ili Yunusu apite upande mwingine. Bakiwa na neno, balinipitishia mimi, hata kama kati yao kulikuwa na ukuta tu. "Saumu, ambia ule muntu mvua inakuja, viatu vyake viko nje." "Saumu, ambia mama sukari iko kwa dirisha." Na mi katikati kama posta! Sukari, chumvi, sabuni, mama alipokea. Lakini kitu kilichopikwa kwenye moto wa mukwe wake, hapana, hata akiwa na njaa ya namna gani. Alikuwa na mafiga yake, chungu chake, na ndagala, bale samaki badogo ba ziwa, alizojinunulia sokoni. Hiyo ndiyo heshima kwetu. Inachosha, lakini ndiyo yetu.

Basi, siku ya barza ikafika. Lutenanti aliyetumwa kuandika familia aliweka meza katikati ya uwanja, chini ya bendera. Alikuwa kijana, jua limemufanya mwekundu, na alikuwa na haraka kama muntu aliyeacha chungu motoni. Hakuwa mubaya. Alisema maneno yake kwa Kifaransa, na ndani yake nikasikia neno "sharje, sharje" likipita kila mara. Kaporali Bonaventure, aliyekuwa mukalimani, akatoa kifua mbele.

"Lutenanti anasema kila musoda aseme mizigo yake," akatangaza. "Mwenye mizigo atapata nyumba. Haya! Mizigo yako ni nani?"

Mizigo! Bababa ba bale basoda balibeba mizigo ya vita vya Badeushi, bale Bajerumani, kichwani mpaka Tabora, fimbo ikibasindikiza nyuma. Muzigo ni kitu unachobeba kwa sababu utapigwa, na ukipata nafasi unakitua. Sasa mwanaume asimame mbele ya bantu, bibi yake anamusikia, aseme bibi yangu ni muzigo? Na mukwe je? Kwetu Baraka, mwanaume akimuita mama mukwe wake muzigo amekwisha kumurudisha binti kwao. Hakuna haja ya kuita shehe wala bashahidi.

Sajini Isidore ndiye alianza. Alikuwa na batoto bengi mpaka mwenyewe alikuwa anachanganya majina yao. Akapiga saluti akasema, "Sina muzigo, Lutenanti. Nilikuja na sanduku moja tu, na liko chini ya kitanda."

Wa pili akasema hata yeye hana. Wa tatu vile vile. Yunusu wangu alipofika mbele ya meza alijibu kwa sauti kubwa, "Sina muzigo hata mumoja!"

Na sisi bamama tulifurahi, unasikia? Tuligongana mabega, tukapiga vigelegele kidogo kidogo chini ya vikwembe tulivyojifunika. Banaume betu ni banaume, tulisema, hakuna aliyetuvunjia heshima. Bibi wa Isidore alifuta hata machozi.

Lutenanti aliangalia karatasi yake, kisha akatuangalia sisi: batoto migongoni, batoto mikononi, batoto banavutana nguo. Akamuuliza Bonaventure hawa bote ni ba nani. Bonaventure akajibu ni babo, ni ba basoda. Lutenanti akatupa kalamu mezani. Kama hakuna hata mumoja mwenye familia ya kutunza, alisema, basi ni vizuri, kazi imekuwa nyepesi: banaume bote balale katika nyumba ndefu, na bamama na batoto barudi vijijini kwao kabla ya mvua. Angerudi kesho yake kufunga karatasi.

Furaha yetu ikafia pale pale.

Mchana ule ule tulivamia nyumba ya Bonaventure. Alikuwa amevua viatu, anakula, na hatukumuacha ameze. Lakini aliyemukamata vizuri ni bibi yake mwenyewe, Adolphine, mwanamuke wa Kazimia mwenye mudomo usiojua kupumzika.

"We Bonaventure! Na mi ni muzigo wako?"

"Mi natafsiri tu," akajitetea. "Sharje ni muzigo. Hata kwenye lori baliandika hivyo, sharje, mizigo ni kiasi gani."

"Basi kalale na lori!"

Tulicheka, hata yeye akacheka, na hapo ndipo Adolphine akapata neno. "Lutenanti anataka kujua nani analisha nani," alisema. "Basi uliza hivyo. Uliza: banaokula kwako ni nani? Hakuna mwanaume anayeona haya kusema analisha bibi na batoto. Bataringa mpaka umuombe Mungu banyamaze."

Wallahi, lilikuwa neno zuri. Tukapiga makofi wote. Bonaventure akaahidi kumuambia Lutenanti kwamba basoda hawakuelewa, na kwamba kesho ataliuliza lile jipya. Mi nilipiga makofi kuliko bote, nikaondoka naimba. Nilipofika karibu na kwetu nikaona moshi mudogo unapanda nyuma ya nyumba, kwenye mafiga ya mama, peke yake, mbali na moshi wa jiko langu. Nikasimama.

Mama hakuwa anakula kwa Yunusu. Kambi nzima ilijua hivyo.

Yunusu nilimukuta anasugua mukanda wake. Sikumusalimia hata. Nikamuambia kesho bakiuliza banaokula kwako, mama umutaje pia.

"Hali kwangu," akasema.

"Najua hali kwako! Sema anakula."

"Saumu, kama ni kukatwa mushahara, bakate hata mara mbili, mi nitalipa kile chumba na sitalalamika. Shida haiko pale. Nikisema mbele ya kambi yote kwamba mama anakula kwangu, nimemutukana. Nimesema ni mwanamuke asiye na haya, anayepeleka mukono katika sahani ya mukwe wake. Leo sikusema ni muzigo, na kesho niseme hivi?"

"Leo ulisema huna muzigo, karibu utufukuze sisi bote! Sasa kesho umufukuze mama kwa heshima, sivyo? Heshima gani ile ya kumulaza muzee chini ya muti?"

Nikamumwagia maneno mengine ambayo sitayarudia, mengine hata hayakumuhusu yeye, yalihusu ukoo wa Kasongo mzima. Alikuwa anasugua tu ule mukanda, na hicho ndicho kilinikasirisha zaidi. Nilimupenda kwa sababu alikuwa muntu asiyeweza kudanganya, na siku ile niliona kwamba kuolewa na muntu kama huyo ni mateso.

Nyuma ya ukuta mama akakohoa. Alikuwa amesikia yote.

"Saumu, ambia ule muntu asigombane na bibi yake juu yangu," alisema. "Mi nitarudi Baraka."

"Baraka kwa nani, mama? Kwa kuku ba baba mudogo?"

Nilisikia tu anapuliza moto wake.

Kesho yake jua lilipanda mapema na Lutenanti naye alipanda mapema. Kabla ya kukaa mezani alizunguka kambi na kamba yake ya kupimia, akiangalia ni wapi pa kuweka kila safu ya nyumba mupya. Kwenye kila lupango, kila kiwanja cha nyumba, aliuliza nani anakaa hapa, nani anakaa kile kibanda. Kwetu alisimama mbele ya mafiga mawili, ya kwangu na ya mama, akayaonyesha kwa kidole, akaandika kitu. Hakuniuliza mimi. Angeniuliza ningemudanganya bila kupepesa macho.

Barza ikaanza. Bonaventure akakohoa kama kawaida yake. "Haya, jana kulikuwa na kosa kidogo la maneno," akasema, bila kusema ni la nani. "Leo tunauliza hivi: banaokula kwako ni nani?"

Ee, banaume balifunguka! Sajini Isidore alitaja bibi yake na batoto bote, akamusahau mumoja, bibi yake akapiga kelele kutoka nyuma, akamuongeza. Halafu akataja mujomba wake anayekaa Bukavu. Lutenanti akasema hapana, banaokaa kambini tu. Isidore akasema lakini ule mujomba anakula sana, Lutenanti, hata akiwa Bukavu anakula kwangu. Bantu bakacheka mpaka Lutenanti naye akafunika mudomo. Mi sikucheka. Nilikuwa nahesabu waliobaki mbele ya Yunusu.

Mama alikuwa amekuja. Hakuwahi kufika kwenye barza hata siku moja, lakini alikuja, akasimama nyuma kabisa ya bamama, kikwembe kimefunika kichwa, mahali ambapo Yunusu akiwa mezani angekuwa amemupa mugongo.

Yunusu akaitwa. Akasimama wima. "Bibi yangu Saumu," akasema. "Batoto bangu babili." Kisha akafunga mudomo.

Lutenanti akatazama karatasi yake, akasema kitu. Bonaventure akatafsiri pole pole, naona hata yeye alikuwa anaona haya: "Anauliza, kule nyuma kwako kuna mafiga mengine. Ule muzee ni nani?"

"Mama mukwe."

"Anakula kwako?"

"Sema ndiyo!" nikapiga kelele. Sikujali tena bendera wala Lutenanti. "Yunusu, sema ndiyo, neno moja tu!"

Nilimuona shingo inakaza. Nilijua alikuwa anajaribu. Halafu akasema, "Hapana, Lutenanti. Anapika kwake."

Lutenanti akainua mabega. Anayejipikia anajitunza, alisema, na anayejitunza hana haki ya nyumba ya jeshi. Kile kibanda kingebomolewa pamoja na vingine. Akashika kalamu.

Mi nililia. Sikulia kimya kimya, nililia kama kwenye kilio, na Adolphine akanishika kiuno nisiende kumurukia bwana yangu pale mbele ya bakubwa bake.

Ndipo mama akapita katikati yetu. Akanigusa bega.

"Saumu, chakula cha bwana yako kiko wapi?"

Nikamuambia kiko nyumbani, nimekifunika, bukari, ule ugali wetu, na ndagala.

"Kilete."

"Mama, cha nini?"

"Mi nimesema kilete."

Nyumba ilikuwa pembeni tu ya uwanja. Nilikimbia, nikarudi na ile sahani, na maji ya kunawa. Mama alikuwa amekwisha kukaa chini mbele ya meza, nyuma ya Yunusu, miguu imenyooshwa, kikwembe ameteremusha mabegani, uso wazi. Bamama ba Baraka balifunika midomo. Muzee mumoja aliyekuwa anapita kutoka soko aligeuka akaangalia pengine, kama vile mama amevua nguo. Yunusu alikuwa wima mbele ya bendera, amemupa mugongo, lakini alijua. Masikio yake yalikuwa yamesimama.

Mama akanawa. Akakata tonge, akachovya, akala. Hakuharakisha. Alikula kama muntu anayekula kwake, tonge baada ya tonge. Mi nilikuwa nimepiga magoti karibu naye na kopo la maji, na sikujua kama nimuzuie au nimuombe aendelee. Nilijua tu kwamba vitu vyote alivyovilinda tangu niolewe, kukohoa kule, kujificha nyuma ya ukuta, kupuliza moto wake peke yake hata akiwa na homa, alikuwa anavitumia vyote pale chini, kwa ajili ya chumba kimoja cha matofali ili asitoke karibu nami.

"Anakula, Lutenanti," Bonaventure akasema.

Lutenanti alijibu kwamba anaona. Hakucheka, kwa ile namushukuru mpaka leo. Akamuuliza Yunusu tena, na Bonaventure akatafsiri: "Huyu anayekula chakula chako ni nani?"

Kwa pembeni niliona machozi yanamushuka Yunusu, musoda mzima, mikono imebanwa mapajani kwa sababu hakuna aliyemupa ruhusa ya kuifungua.

"Ni mama," akasema.

"Mama mukwe?"

"Mama yangu. Anakula kwangu."

Kalamu ikaandika. Bonaventure akasema vyumba vitatu, na kule nyuma bantu bakavuta pumzi. Yunusu alikuwa angali wima, anaangalia mbele, hajui hata aende wapi.

Mama akasukuma sahani pembeni, akafuta mikono kwenye kikwembe chake.

"Yunusu," akaita. Ile ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina la bwana yangu katika kinywa cha mama, na lilinichoma. "Geuka basi. Unanionyesha mugongo mpaka lini?"

Yunusu akageuka. Kwanza aliangalia viatu vyake, kisha mikono ya mama, kisha akamutazama usoni. Mama naye akamutazama, kuanzia kofia mpaka miguu, taratibu, kama anayekagua nguo sokoni. Nilingoja amusamehe au amulaani, mi sijui. Akanigeukia mimi, amekasirika kabisa.

"Mutoto amekonda hivi! Saumu, miaka yote hii ulikuwa unamulisha nini mwana wangu?"